Mguu wa Kushoto wa Mwalimu

Kikohozi cha kwanza cha alfajiri katika mtaa mmoja wa Kihesa, mjini Iringa, si cha mzee wala cha mtoto. Ni cha Toyota Hilux ya mwaka 1994, dabo kebini, namba A, mali ya mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye siku hizi anauza vitunguu. Kikohozi huanza kikavu, kikakatika, kikarudi na makohozi yake. Kisha wingu jeusi hupanda juu ya ua na kuelekea kwa jirani. Kina mama wa upande ule walishajua siku nyingi: nguo nyeupe hazianikwi kabla Mwalimu hajaondoka.

Pikapu hiyo inaitwa Bi Mkubwa. Jina alilitoa mke wa Mwalimu, siku alipojumlisha fedha za spea za mwaka mzima, akazilinganisha na fedha za matumizi ya nyumbani, akatangaza kwamba nyumba ile ina wake wawili na kwamba yeye ndiye mdogo.

Kumwamsha Bi Mkubwa kuna utaratibu wake. Betri imechoka na starta ina siku zake, kwa hiyo kila jioni Mwalimu humwegesha chini ya mparachichi, juu ya kimteremko cha ua, pua ikitazama geti. Asubuhi huzungusha ufunguo nusu, taa ya hita ikawaka. Taa ikizimika, Mwalimu haiamini. Huhesabu mpaka kumi na tano kwa sauti, kama yuko mbele ya darasa la tatu. Halafu hukanyaga klachi, huachia handibreki, humwacha ajiviringishe mwenyewe, huweka gia ya pili, kisha huinua mguu wa kushoto kwa ghafla. Akikataa mpaka amefika chini kwenye tambarare, huitwa watoto wa jirani wasukume. Malipo ni pipi moja kwa kila mtoto, na bei hiyo haijapanda tangu watoto hao wajue kutembea.

Hakuna mwingine anayeweza kumwendesha. Mlango wa dereva hufunguka ukiunyanyua kidogo huku ukiusukuma kwa goti. Mshale wa spidi uligota kwenye 40 miaka mingi iliyopita, na upo hapo hata gari likiwa limeegeshwa, hivyo mwendo hupimwa kwa njia nyingine: mlango wa nyuma ukianza kutetemeka ni 60, na kioo cha abiria kikishuka chenyewe ni 80. Zaidi ya hapo hapajawahi kupimwa. Usiku mmoja mwizi aliingia uani, akahangaika naye kwa muda mrefu, akaishia kuondoka na jeki.

"Mjomba," mpwa wake alimwambia, siku aliyomvuta kwa kamba kutoka Ilula mpaka nyumbani, "huyu bibi umpumzishe sasa."

Mpwa ni dereva, na kazini kwake anaendesha magari ambayo bado yana harufu ya dukani. Alikuwa na mtu anayemfahamu: dalali mwenye simu mbili na Hilux ya mwaka 2017, namba D, otomatiki, nyeupe kama kanzu ya Idi. Jumamosi saa mbili asubuhi dalali na gari wakafika getini. Mke wa Mwalimu akatoka na kanga yake kiunoni, akalizunguka gari mara moja, akagusa rangi kwa kidole kimoja.

"Kumbe wa tatu ndiye huyu," akasema, akarudi jikoni.

Mpwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia hapo pikapu nyeupe ikawa Bi Mdogo.

Fundi wa Ipogolo alikuwa ameshaitwa kuja kukagua. Kwa miaka yote aliyomhudumia Bi Mkubwa, fundi huyu amebeba spana tatu tu za maana, namba 10, namba 12 na namba 14, kwa sababu bolti nyingi za Toyota za enzi hizo hukubali moja ya hizo. Alizipanga juu ya gunia, akafungua boneti, akakuta mfuniko mweusi wa plastiki.

"Injini iko wapi?"

Dalali akaunyanyua mfuniko. Chini yake kulikuwa na nyaya, mipira na vitu vingine vilivyopangwa kwa adabu. Fundi alitazama kwa kitambo, kisha akashusha boneti polepole, kama mtu aliyefungua chumba cha watu kimakosa.

"Huyu akigoma njiani unafanyaje?"

"Unampima kwa kompyuta," dalali akajibu.

"Na kompyuta ikigoma?"

Dalali akapokea simu ambayo haikuwa imeita.

Mwalimu yeye alikuwa na maswali ya hesabu. Aliuliza ukubwa wa injini, akaambiwa ni lita mbili nukta nane. Hata Bi Mkubwa ni mbili nukta nane. Akavaa miwani, akatafuta tarakimu kamili, akaziandika kwenye daftari lake la vitunguu. Injini ya Bi Mkubwa, ile inayoitwa 3L, ina sentimita za ujazo 2,779. Ya Bi Mdogo, 1GD, ina 2,755. Tofauti ni 24, yaani kiasi cha vijiko vitano vya chai, na anayepungukiwa vijiko ni mgeni. Mstari wa pili wa daftari ndio uliomtia mashaka: nguvu za farasi za Bi Mkubwa, siku alipotoka kiwandani akiwa binti, zilikuwa 90 hivi, za Bi Mdogo ni 177. Mwalimu alirudia kukokotoa mara mbili akitafuta kosa la mwanafunzi. Halikuwepo.

Siri haiko kwenye ukubwa wa tumbo, iko kwenye namna ya kulishwa. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu majaribio mjini Augsburg mwaka 1897, alitumia jambo linalojulikana na kila mtoto mwenye baiskeli: ukijaza tairi upepo kwa nguvu, bomba la pampu hupata moto. Hewa ikibanwa vya kutosha huiwasha yenyewe dizeli inayopulizwa ndani. Bi Mkubwa huibana hewa mara 22 na ushee, huivuta kwa pua zake mwenyewe, na nozeli zake hufunguka kwa msukumo unaozidi kidogo baa 100. Bi Mdogo huibana mara 15 na ushee tu, lakini ana turbo inayomshindilia hewa kifuani, dizeli yake hupulizwa kwa zaidi ya baa 2,000, na kompyuta ndiyo inayoamua ale lini na ale kiasi gani.

"Kwa hiyo huyu analishwa kwa mrija," Mwalimu akasema.

Dalali aliona biashara inaelekea wodini, akajaribu kuirudisha kwa kumkejeli Bi Mkubwa pale chini ya mparachichi. Hilo lilikuwa kosa. Mwalimu ana video kwenye simu yake, aliyotumiwa na mwanafunzi wake wa zamani, na humwonyesha kila anayethubutu. Ni ya kipindi cha televisheni cha Uingereza, Top Gear, mwaka 2003. Watangazaji walichukua Hilux kuukuu ya dizeli, wakaigongesha, wakaiacha ikazamishwa na maji ya bahari, wakaiangushia vitu, wakaichoma moto, na mwisho wakaipandisha juu ya jengo refu la ghorofa lililobomolewa kwa baruti. Ikatolewa kwenye kifusi, mafundi wakaishughulikia kwa vifaa vya kawaida bila kuiwekea spea, ikawaka. Dalali aliangalia mpaka mwisho, akarudisha simu kwa mikono miwili.

"Tuingieni garini, mzee," akasema.

Pikapu haijaribiwi tupu. Huo ndio msimamo wa Mwalimu, na ndio maana njia aliyoichagua ilikuwa ile ile ya biashara yake: kutoka Iringa kupitia Ilula, kuteremka Mlima Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni ambako vitunguu hupangwa kando ya barabara kuu, kisha kupanda navyo. Mpwa akakaa mbele. Dalali akakaa nyuma, katikati ya simu zake.

Mwalimu aliketi kwenye usukani, akatafuta tundu la ufunguo. Halikuwepo. Kulikuwa na kitufe. Akakibonyeza mara mbili, taa zote za dashibodi zikawaka, naye akaanza kuhesabu. Alipofika kumi na tano akabonyeza tena, taa zote zikazimika.

"Ukanyage breki kwanza, mjomba, ndipo ubonyeze."

Akakanyaga breki, akabonyeza. Hakusikia kitu. Bi Mkubwa akiwaka, vikombe vya jikoni hugongana kabatini. Hapa hata jani la mparachichi halikutikisika. Akadhani imekataa, akabonyeza tena, na injini iliyokuwa inanguruma kwa heshima ikazima. Ilichukua safari tatu mpaka Mwalimu akakubali kwamba gari linaweza kuwa limewaka bila mtaa kupewa taarifa.

Wakati huo wote mguu wake wa kushoto ulikuwa unatafuta klachi. Mguu huo una utumishi mrefu kuliko mishahara yote aliyopokea. Ndio unaojua klachi ya Bi Mkubwa inashikia wapi, ndio unaomwamsha asubuhi, ndio unaomtoa kwenye tope. Mpwa aliuonyesha kibao cha kuegemea, akauambia, kama anavyoambiwa mgeni, ukae hapo upumzike. Mguu ulikaa. Wakateremka vizuri mpaka Ipogolo. Hapo, mbele ya bajaji iliyosimama ghafla, mguu wa kushoto ukakumbuka kazi yake. Ukaruka juu, ukatua kwa nguvu zote za miaka thelathini juu ya kanyagio pana lililokuwa karibu nao zaidi. Hilo lilikuwa breki.

Bi Mdogo aligandia papo hapo. Simu moja ya dalali ilipita kati ya vichwa vya mjomba na mpwa, ikagonga kioo cha mbele, ikarudi. Nyuma kulikuwa na Fuso, na dereva wake akapiga honi ndefu iliyokuwa na maneno ndani yake. Mjomba na mpwa wakatazamana. Mwalimu akavua kiatu cha kushoto, akakiweka chini ya siti, akaendelea na safari akiwa na soksi, ili mguu ujue kwamba leo si siku ya kazi.

Barabarani tatizo likawa kimya. Mwalimu huendesha kwa masikio. Kwa Bi Mkubwa anajua mlio wa beringi inayoomba grisi, mlio wa feni belti inayolegea, na mlio mmoja wa chini kushoto ambao haujawahi kupatiwa jina lakini ukinyamaza tu ni lazima usimame. Kwa Bi Mdogo hakusikia lolote, na kila alivyozidi kutosikia ndivyo alivyozidi kuwa na wasiwasi. Akafungua kioo. Akafunga kioo. Akazima redio ambayo haikuwa imewashwa. Walipokaribia Ilula uso wake ukang'aa.

"Sikieni! Kruu, kruu. Nyuma kulia. Hiyo ni beringi, na imekwisha."

Wote wakatega sikio. Kruu, kruu. Dalali akaacha kutafuna, akakunja mfuko wa karanga na kuuweka mfukoni. Beringi ikapona.

Ilula ni nchi ya nyanya, na Mwalimu ana mkulima wake huko, ndani kidogo ya barabara. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Njia ya shambani ilikuwa tope jekundu lenye mifereji miwili ya matairi, na ilikuwa nafasi nzuri ya kujaribu uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Kwa Bi Mkubwa jambo hilo lina hatua zake: unasimama, unashuka, unapiga goti kwenye tope, unazungusha habu ya gurudumu la mbele kushoto, unazunguka, unapiga goti tena, unazungusha ya kulia, unarudi ndani ukiwa na suruali ya rangi mbili, ndipo unavuta kile kigia kidogo. Mwalimu alifanya kama alivyozoea. Akasimama. Akashuka, na soksi yake.

Alipiga goti, akaweka mkono katikati ya gurudumu, akatafuta cha kuzungusha. Kulikuwa na kifuniko laini chenye nembo. Akakipapasa, akakisukuma, akajaribu kukizungusha kwa viganja viwili. Akaenda upande wa pili kuona kama huko wameweka. Ndani ya gari, mpwa aliyekuwa akitafuta namna ya kusema bila kumvunjia mjomba heshima, alinyoosha mkono, akazungusha kitufe cha mviringo kilicho kwenye dashibodi kutoka H2 kwenda H4. Taa ndogo ikawaka. Kazi yote ilikuwa imekwisha, na Mwalimu alikuwa bado amepiga goti la pili.

"Tayari, mjomba," akaita.

Mwalimu alirudi ndani akiwa mwekundu mpaka kiunoni. Hakusema kitu. Bi Mdogo akapita kwenye tope lile kama anapita sebuleni.

Mlima Kitonga ulimpa Mwalimu ushindi wake wa kwanza wa siku. Ni mteremko mrefu wa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, ukuta wa jabali upande mmoja na korongo upande mwingine, kona juu ya kona, na malori ya Zambia na Kongo yakishuka kwa mwendo wa kinyonga huku yakinuka breki. Sheria ya kuuteremka haibadiliki kwa umri wa gari: weka gia ndogo, acha injini ilizuie gari, breki zibaki na kazi ya ziada. Mpwa alimwonyesha jinsi ya kusogeza wenzo wa gia kutoka D kwenda S, na kabla hajamaliza maelezo, mkono wa Mwalimu ulikuwa umeshauvuta wenzo nyuma, kule ambako gia ya pili ya Bi Mkubwa imekaa tangu azaliwe. Ikawa ndivyo hasa! Kwenye Bi Mdogo, kuvuta nyuma ni kushusha gia. Injini ikapandisha sauti, gari likajizuia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Mwalimu akaisikia mashine ikifanya kazi. Aliteremka Kitonga yote akitabasamu.

Ruaha Mbuyuni, katika bonde la mibuyu, walipakia magunia sita ya vitunguu. Dalali alishuka kwa haraka kulinda bodi. Alisema gari ni la maonyesho. Alisema kuna watu wa heshima wanalisubiri. Alipoona magunia yanaendelea kupanda, akaomba angalau yatandikiwe turubai, akatandika yeye mwenyewe, akifuta kila palipoguswa kwa leso.

Mambo yaliharibika zaidi lilipotoka dumu. Mwalimu hasafiri bila dumu lake la lita ishirini za dizeli, faneli ya bati na kipande cha kitenge cha kuchujia. Dizeli hiyo huipata kwa mtu, na mtu huyo huipata kwa mtu. Alikuwa ameshafungua kifuniko cha tangi na kutandika kitenge, pale mpwa aliporuka kutoka kwenye kivuli cha mbuyu na kulikumbatia dumu kama golikipa.

"Utaliua, mjomba!"

Hakuwa anatia chumvi. Nozeli za zamani zilivumilia mengi. Zikiziba, hufunguliwa, huoshwa, hurudishwa. Zile zinazopuliza kwa zaidi ya baa 2,000 zina matundu membamba mno, na maji kidogo au mchanga usioonekana kwa macho hutosha kuziharibu, pamoja na pampu inayozilisha. Hata dizeli ya vituoni ilibidi ibadilishwe ili injini za kizazi hiki ziishi vizuri: tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Kitenge cha Mwalimu hakijui habari za sehemu kwa milioni. Kazi yake ni kuzuia majani na nzi.

Dumu likarudi nyuma, juu ya vitunguu.

Kupanda Kitonga na mzigo ndio mtihani wenyewe. Kwa Bi Mkubwa, safari hiyo ni ya gia ya pili kutoka chini hadi juu, wakati mwingine ya kwanza, huku malori yakimfuata kwa subira ya msafara wa mazishi. Mshale wa joto ukianza kupanda, Mwalimu huwasha hita ya ndani mpaka mwisho, hata kama jua ni la saa nane. Si wazimu. Hita huchukua joto la maji ya injini na kulileta kwa abiria, rejeta ikapata nafuu. Dereva hutokwa jasho ili gari lisichemshe.

Basi walipofika kona ya kwanza, mkono wa Mwalimu ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha joto, ukakizungusha mpaka kikagota. Kebini mpya haina upenyo wa kupitisha hewa kama ile ya Bi Mkubwa. Katika kona ya tatu dalali alikuwa amevua koti. Katika kona ya tano alikuwa amelegeza tai na kuuliza kwa upole kama gari linaungua. Mpwa akazima hita, Mwalimu akaiwasha, mpwa akazima. Mwalimu akautazama mshale wa joto. Ulikuwa katikati. Akautazama tena kona ya saba, kona ya tisa. Ulikuwa hapo hapo, naye akaanza kushuku kwamba na huu umegota.

Na gari lilikuwa linapanda. Halikuwa linajikongoja, lilikuwa linapanda kama halijapakia kitu. Nguvu yake ya kuzungusha ni Nm 450, na huipata injini ikiwa bado inazunguka polepole. Ya Bi Mkubwa haifiki 200. Tena hewa ya juu ni nyepesi, Iringa iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na injini inayovuta kwa pua zake huishiwa pumzi kadiri unavyopanda. Turbo hailisikii sana jambo hilo. Mwalimu, aliyezoea kuwahesabu wauza maji wa njiani mmoja mmoja, aliwapita kabla hajawatambua. Kileleni akasimama kando, akashuka, akagusa boneti kwa kiganja. Halafu akagusa tairi. Halafu akakaa kimya kidogo, akitazama alikotoka.

"Alivyopanda…" akasema, na hakumaliza.

Mpwa aliona ni vyema ahamie nyuma alale, mjomba abaki na mawazo yake. Kwenye siti ya mbele Mwalimu akaweka neti ya vitunguu vya nyumbani, vile vilivyochaguliwa. Gari likaanza: ting, ting, ting. Akapunguza mwendo. Ting, ting. Akasimama, akakagua milango yote. Dalali akaeleza kwamba siti ile hupima uzito. Imehisi kuna mtu na mtu huyo hajafunga mkanda. Ilikuwa rahisi kuihamisha neti. Mwalimu akaona ni rahisi zaidi kuifunga mkanda.

Karibu na Ilula trafiki akawasimamisha. Akainama dirishani, akaangalia leseni, akaangalia soksi yenye tope, akaangalia vitunguu vilivyokaa wima na mkanda kifuani.

"Na huyu anakwenda wapi?"

"Sokoni, afande."

"Huyu ndiye abiria wa kwanza leo asiyebishana nami kuhusu mkanda," trafiki akasema, akawaruhusu.

Yote hayo yangeweza kusahaulika. Mwalimu alikuwa ameshaamua. Ilionekana kwa jinsi alivyoanza kulisifia gari kidogo kidogo na kulikosoa kwa sauti kubwa, kama afanyavyo mnunuzi yeyote mwenye akili. Alisema siti ni ngumu. Alisema nyeupe inashika vumbi. Alisema mfukoni ana milioni hamsini tu, na hata hizo ni za watu. Dalali akaguna kwa huzuni, akasema wenye mali wanataka sabini.

Asubuhi mpwa alikuwa ameiunganisha simu yake na gari ili asikilize muziki. Sasa simu hiyo ikaita, na kwenye kioo cha dashibodi likatokea neno "Shangazi". Mwalimu, akitaka kunyamazisha kelele, akabonyeza alama ya kijani iliyokuwa karibu na kidole gumba chake. Sauti ya mkewe ikajaa kebini kutoka milango minne.

"Mwanangu, uko karibu na mjomba wako? Mwambie asije akaharibu. Aanze na hamsini, apande polepole, akifika sitini asimame. Zile tano za kikoba nimezileta, ziko kabatini, lakini huyo dalali asizijue kabisa. Unanisikia? Mbona kimya?"

Hakuna aliyejibu. Mpwa alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Mwalimu alikuwa anabonyeza kila kitu kilichokuwa mbele yake. Waipa zikaanza kufanya kazi kwenye kioo kikavu. Nyuma, dalali alivaa koti lake, akafunga kifungo kimoja kimoja, akanyoosha tai.

"Shikamoo mama," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mimi ni dalali. Sitini na tano tunafunga biashara."

Mpaka wanafika Kihesa bei haikushuka hata kwa shilingi. Waliteremsha magunia sita, dumu, faneli na neti. Dalali akakung'uta turubai, akaondoka na Bi Mdogo bila mlio, na mtaa haukujua kama kuna gari limepita. Mke wa Mwalimu alitoka, akatazama geti tupu, akatazama suruali.

"Kiatu chako kimoja kiko wapi?"

Kilikuwa kinaelekea mjini, chini ya siti.

Mwalimu hakutaka mazungumzo hayo yaendelee. Akachukua ufunguo, akaenda chini ya mparachichi, akanyanyua mlango na kuusukuma kwa goti. Alihesabu mpaka kumi na tano. Akaachia handibreki, Bi Mkubwa akajiviringisha, akakohoa, akawaka kwa mara ya kwanza bila kubembelezwa. Vikombe vikagongana jikoni. Akazunguka naye mtaa mmoja, ili asijisikie vibaya. Aliporudi, akaweka gia ya rivasi ili ampandishe mahali pake pa siku zote. Halafu akatulia, mikono kwenye usukani, macho kwenye dashibodi, akisubiri picha ya nyuma itokee kwenye kioo.

Pale zamani palikuwa na redio. Siku hizi pana tundu lenye nyaya mbili. Mwalimu alikuwa bado analitazama aliposikia mshindo wa bati na mti, na maparachichi matatu yakaanguka juu ya paa, moja baada ya jingine. Mti huo ameukwepa kila jioni tangu ukiwa mche. Aliruka juu ya breki kwa mguu wa kulia. Mguu wa kushoto, uliokuwa umefundishwa kutwa nzima kukaa tu, ulikaa tu. Bi Mkubwa akashtuka, akazima, akajiviringisha mwenyewe hadi chini kwenye tambarare, akasimama.

Starta ilitoa mlio mmoja mfupi, ikanyamaza.

Watoto wa jirani walikuwa wameshajipanga ukutani. Mwalimu akaingiza mkono mfukoni, akahesabu vichwa, akatoa pipi tano. Hakuna aliyesogea. Mkubwa wao, binti wa darasa la nne aliyekuwa akiongea kwa niaba ya wenzake, akashika kiuno.

"Leo tumekuona na gari jipya, Mwalimu," akasema. "Ni mbili mbili."